Mbwa au paka mzee hatoki vizuri kwenye picha: tafuta tatizo lako hapa

Wengi wanaoniletea simu wakilalamika kwamba kamera imeharibika, kamera zao ni nzima. Kilichobadilika ni mnyama. Mbwa aliyekuwa akiambiwa "kaa" anakaa, sasa nyonga zinamuuma. Paka aliyekuwa akigeuka ukimwita jina, sasa hasikii. Mwenye mnyama naye bado anapiga picha vilevile alivyokuwa akipiga miaka minane iliyopita, halafu anashangaa.

Tafuta dalili inayofanana na yako, uanze na sababu ya kwanza hata kama inaonekana ya kitoto. Nimezipanga kwa jinsi ninavyokutana nazo: zinazojirudia kila mara zinatangulia, za nadra zinafuata. Palipoandikwa SIMAMA, weka simu chini kweli. Na kuna jambo moja utalikuta karibu kila sehemu, afadhali nilitangulize: usimhamishe mnyama. Hamisha kamera, hamisha mwanga, hama wewe.

Picha ina ukungu, au imetoka kama imetikisika

Kuza picha kwenye kioo cha simu mpaka uso wa mnyama ujae, kisha utazame ukungu wenyewe ukoje. Ukungu si wa aina moja.

Kama umetanda picha nzima mithili ya moshi, na taa au dirisha linatoa miale mirefu, lenzi ni chafu. Basi. Jioni moja nilimpiga picha Bosi, mbwa wangu, dakika ishirini nzima, nikabadilisha kila kitu cha kubadilishwa, kumbe mwanzoni kabisa alikuwa ameilamba lenzi. Futa kwa kitambaa laini na kikavu, kama kile cha kufutia miwani, na ufanye hivyo kila unapoanza, maana kidole chenye mafuta hukaa juu ya lenzi kila unaposhika simu.

Kama vitu vyote vimeburuzwa upande mmoja, ukuta, kiti na mnyama, basi mkono wako ndio uliotikisika. Egemeza viwiko kwenye magoti au simu kwenye rundo la vitabu. Tumia kipima muda cha sekunde 3 ili kidole kisiitikise simu wakati wa kubonyeza.

Kama ukuta na kiti viko wazi lakini mnyama ana kivuli pacha, au mkia umegeuka kuwa moshi, mnyama ndiye aliyesogea na shata, yaani kile kipazia kinachofunguka kuingiza mwanga, ilikuwa ya polepole. Hapa ndipo wazee wanapotudanganya. Unamwona ametulia, lakini miguu ya nyuma inatetemeka kidogo, kichwa kinayumba, kifua kinapanda na kushuka. Gizani simu huacha shata wazi muda mrefu, na hali ya usiku huunganisha picha kadhaa kuwa moja, kwa hiyo kila mtetemo unaandikwa. Izime hali ya usiku. Kisha ongeza mwanga: fungua pazia la dirisha lililo karibu na pale anapolala. Wenye kamera, au programu inayokuruhusu kupanga shata mwenyewe, waanzie 1/125 ya sekunde akiwa amelala, 1/250 akiwa ameketi, na 1/500 akitembea au miguu ikitetemeka. ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, ikipanda na picha ikawa na chengachenga, iache ipande. Chengachenga zinapunguzika baadaye kwa programu. Picha iliyotikisika haitengenezeki.

Ya mwisho ni pua iko wazi, macho yako kwenye ukungu. Hii ni ya mbwa wenye pua ndefu na ya lenzi iliyofunguliwa sana. Ukiwa karibu, kwa f/1.8 (namba ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni kubwa), sehemu inayotoka wazi inaweza kuwa sentimita chache tu, na kutoka puani hadi jichoni ni zaidi ya hapo. Rudi nyuma hatua mbili, funga tundu la lenzi hadi f/4 au f/5.6, na uweke fokasi kwenye jicho lililo karibu nawe. Kwenye simu, gusa jicho kwa kidole. Kama ulikuwa unatumia hali ya potreti, izime. Ule ukungu wa nyuma ni wa kutengenezwa na programu, na programu haijui sharubu ni nini: inazikata, inakula ncha za masikio, halafu manyoya ya shingoni yanatoka kama yamepigwa pasi.

Macho yanawaka kijani au njano, au yanaonekana ya bluu

Hizi ni dalili mbili tofauti, ila watu huzileta pamoja.

Kuwaka kunasababishwa na flashi. Nyuma ya jicho la mbwa na la paka kuna utando unaorudisha mwanga kama kioo, ndio unaowasaidia kuona gizani. Flashi iliyo karibu na lenzi inaingia, inagonga utando ule na kurudi moja kwa moja kwenye kamera. Kwa mzee mambo huzidi, kwa sababu misuli ya kubana mboni hulegea na umri, na mboni hubaki wazi kuliko zamani. Kile kitufe cha kuondoa macho mekundu hakitakusaidia sana, kimetengenezwa kwa ajili ya macho ya watu na kinatafuta rangi nyekundu. Zima flashi. Kama ni lazima uitumie na inageuzika, ielekeze darini ili mwanga urudi kutoka juu. Tena mnyama asiyeona vizuri hushtuka sana na flashi, kwa sababu haoni kinachokuja. Mimi kwa mzee situmii flashi kabisa.

Bluu au kijivu kama moshi katikati ya mboni ni jambo jingine, na mara nyingi si kosa la picha. Lenzi ya jicho inaendelea kukomaa na kukazana maisha yote, na mbwa akishapita miaka saba au minane wengi huanza kuonyesha ule moshi. Wanaendelea kuona vizuri tu. Wewe hukuwa umeuona, kamera imeuona kwanza. Usiufute kwenye programu. Miaka michache baadaye ndilo jicho utakalolikumbuka. Ukitaka uonekane kidogo, epuka mwanga unaotoka usawa wa uso wake. Uache uingie kutoka ubavuni, na umpige picha akiangalia pembeni kidogo.

Weupe mzito kama maziwa ni mtoto wa jicho, na huo unazuia mwanga kweli. Kutofautisha moshi wa uzee na mtoto wa jicho ni kazi ya daktari wa mifugo mwenye kifaa chake. Picha haitoshi.

SIMAMA: jicho limekuwa jekundu ghafla, limevimba au linafumbwa kwa maumivu, mboni moja imekuwa kubwa kuliko nyingine na inabaki hivyo hata nje ya picha, au mnyama ameanza kugonga vitu kati ya jana na leo. Presha ya jicho inaweza kuua uwezo wa kuona kwa muda mfupi sana. Mpeleke siku hiyohiyo. Picha zako za wiki zilizopita nenda nazo, zitamsaidia daktari kujua mabadiliko yalianza lini.

Mweusi ametoka kama shimo, mweupe ametoka kama karatasi

Kamera haijui kwamba mbwa wako ni mweusi. Inapima mwanga ikidhani kila kitu duniani kina wastani wa kijivu. Ukigusa uso wake mweusi, inaongeza mwanga hadi mbwa awe kijivu na dirisha nyuma yake lilipuke kuwa jeupe tupu. Ukigusa dirisha, mbwa anakuwa kivuli chenye masikio. Kwa paka mweupe ni kinyume: anatoka kijivu mchafu, au ukiongeza mwanga kupita kiasi manyoya yote yanapotea.

Kwanza mtoe dirishani. Maana yangu ni wewe uhamie upande mwingine: mgongo wako uwe kwenye dirisha, uso wake uwe kwenye mwanga. Kabla ya kugusa kitufe chochote, hilo peke yake linamaliza kesi nyingi.

Halafu bonyeza uso wake kwa kidole na ushikilie. Simu nyingi hufunga fokasi na mwanga hapohapo. Telezesha kidole chini kidogo kwa mweusi, juu kidogo kwa mweupe. Wenye kamera, kwenye kitufe cha kuongeza na kupunguza mwanga (+/−), waanzie −0.7 kwa mweusi na +0.7 kwa mweupe, kisha watazame.

Sasa kuna kosa linalowapata wazee peke yao, nami limenichukua muda kuligundua. Mbwa mweusi mzee si mweusi tena. Ana mvi kidevuni, kwenye nyusi, katikati ya vidole. Ukipima mwanga kwa ajili ya weusi wa mwili, zile mvi zinaungua kwanza na kuwa bakuli jeupe lisilo na unywele hata mmoja, na mvi ndizo ulizokuja kuzipiga. Kwa hiyo pimia mwanga kidevu, sio mgongo. Kuza picha ya kwanza, tazama kama unaweza kuhesabu nywele za kidevuni. Kama huwezi, punguza tena. Mwili ukitoka na giza, giza hilo linainuliwa baadaye kwenye programu. Weupe uliokwisha kuungua hauna cha kuinua.

Mwanga wa ubavuni ndio unaoonyesha manyoya. Wa mbele unayalaza, wa juu mchana kweupe unachimba mashimo chini ya macho na kumfanya aonekane amekonda kuliko alivyo.

Haangalii kamera

Sababu kwa kufuatana: hasikii, haoni, amechoka, hataki. Nayo ya nne iheshimiwe.

Uziwi wa uzee kwa mbwa huanza na sauti nyembamba za juu. Ile filimbi, au kile kisauti cha mdomoni kilichokuwa kinamfanya ainamishe kichwa, ndicho cha kwanza kupotea. Jaribu kofi moja zito la mikono, au gonga sakafu kwa kiganja. Mtikisiko anausikia kwa miguu na kwa kifua. Kama zamani alijua ishara za mkono, zitumie, mara nyingi bado anazikumbuka. Kwa paka, kamba inayoburuzwa polepole chini ya lenzi inashinda kelele zote.

Kama haoni vizuri, mambo yanageuka: sauti yako iwe ndiyo inayotoka penye kamera. Kama ni simu ya mtu mwingine, simama nyuma ya bega lake uongee kawaida. Usipige kelele kutoka kila upande, utamwona akizungusha kichwa kama aliyepotea, na hiyo ndiyo itakuwa picha yako.

Harufu hubaki kwa muda mrefu zaidi. Shika kipande cha chakula chake anachokipenda karibu na lenzi, kipande kidogo sawa na ukucha. Kabla ya hapo, angalizo: mzee mwenye kisukari au figo mbovu ana chakula chake maalumu, toa kipande kwenye posho yake ya siku na usimletee kipya kwa sababu ya picha. Chokoleti, zabibu mbichi au kavu, vitunguu, na kitu chochote chenye sukari ya bandia iitwayo xylitol ni sumu kwa mbwa, hata kama anatabasamu akivila. Siagi ya karanga soma lebo kwanza.

Usimwamshe kwa kumshika ili ageuke. Mnyama asiyesikia akishtuliwa usingizini anaweza kuuma kabla hajajua ni nani, hata awe mpole namna gani. Weka kiganja karibu na pua yake, subiri. Harufu yako itamwamsha, na ile sekunde anayofungua jicho moja na kukutambua ndiyo picha bora kuliko zote zilizomo humu ndani. Uwe na fokasi tayari.

Akiwa hataki, acha. Picha ya uzee haihitaji kuangaliana. Piga sikio lililopasuka, piga unyayo uliochakaa, piga mgongo wake akitazama mlango anaoutazama kila siku saa ileile mtu fulani anaporudi.

Hatulii, anahema, anainuka na kulala tena

Sehemu hii naomba isomwe polepole, maana hapa tatizo la picha mara nyingi si la picha.

Sababu ya kawaida ni sakafu. Vigae na mbao zilizopigwa polishi ni barafu kwa miguu yenye ugonjwa wa viungo. Ukimweka mbwa mzee "pale penye mandhari nzuri" miguu inatanuka, anakaza mwili mzima asianguke, na hofu inaonekana usoni. Tandika zulia lisiloteleza, au mfuate alipo. Kosa jingine ni kumwambia akae. Kukaa kitako kunabana nyonga na magoti. Kusimama au kulala ni rahisi zaidi kwake. Wewe lala chini kwa tumbo, simu ikigusa sakafu, lenzi usawa wa macho yake.

Ya pili ni saa. Mzee ana saa zake nzuri, kwa wengi asubuhi baada ya kunyoosha viungo kidogo, au muda mfupi baada ya dawa kushika. Wazee waliochanganyikiwa kwa umri, wale wanaosimama wakikodolea ukuta au kuzurura usiku, huwa vibaya zaidi giza linapoingia. Dakika tano kwa siku, siku kumi, zinazaa kuliko saa nzima ya Jumamosi.

Ya tatu ni wewe. Umeondoa meza ili mandhari yawe safi, umehamisha bakuli lake, umewasha taa ya duara, umeleta watu wanne. Kwa Bosi nilisogeza meza ndogo nusu mita ili isionekane kwenye picha. Alikuwa haoni tena upande wa kushoto na alikuwa akiijua sebule kwa kumbukumbu. Akaigonga kwa uso. Tangu siku hiyo vitu vyangu vinabaki mahali pake na mandhari mbaya naikata kwenye programu.

Ya nne ni maumivu au ugonjwa. Kuhema akiwa amepumzika mahali penye ubaridi, kujilamba sehemu moja bila kukoma, kutotaka kulalia upande mmoja: hayo mwambie daktari. Simu yako inaweza kusaidia hapa kuliko daftari. Mrekodi video akiwa usingizini, hesabu kifua kinavyopanda kwa sekunde 30, zidisha kwa mbili. Mbwa au paka aliyelala kwa kawaida hupumua chini ya mara 30 kwa dakika. Ikizidi hapo siku baada ya siku, video hiyo ipeleke.

SIMAMA, na uende kwa daktari wa mifugo sasa hivi, sio kesho:
- paka anapumua mdomo wazi, au fizi za mnyama yeyote zimekuwa nyeupe au za bluu;
- tumbo la mbwa limejaa kama ngoma na anajaribu kutapika bila kitu kutoka;
- miguu ya nyuma imegoma ghafla, hasa kwa paka anayelia;
- paka anakwenda mara kwa mara kujisaidia na mkojo hautoki;
- kifafa kimezidi dakika 5, au kimerudi kabla hajapata fahamu.

Na tafadhali, usimpe dawa ya maumivu ya watu "ili atulie kidogo tupige picha". Kidonge kimoja cha paracetamol kinaweza kumuua paka. Ibuprofen inaharibu tumbo na figo za mbwa. Nimeulizwa swali hili zaidi ya mara moja, ndiyo maana naliandika.

Pua kubwa, kichwa kama puto, hafanani na mwenyewe

Umekaribia mno. Lenzi kuu ya simu inaona kwa upana, na kitu kilicho karibu nayo kinavimba. Rudi nyuma mita moja na nusu au mbili, tumia zumu ya 2x. Kama bado hafanani, umempiga kutoka juu. Shuka chini. Hakuna sababu ya tatu.

Rangi ya njano, au mistari inayopita kwenye picha

Njano inatoka kwenye balbu. Mwanga wa balbu ya nyumbani huwa karibu 2700 hadi 3000 K (kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga), wa mchana karibu 5500 K, na kamera ikikuta vyote viwili pamoja haijui imfuate nani: upande mmoja wa paka unakuwa chungwa, mwingine bluu. Zima balbu, baki na dirisha. Mistari ya giza inayotambaa ni taa zinazopepesa kwa kasi ambayo macho hayaioni. Penye umeme wa Hz 50, weka shata 1/50 au 1/100. Penye Hz 60, 1/60 au 1/120. Au, tena, zima taa.

Picha ni kali na safi, lakini kila nikiitazama nahuzunika

Nililetewa hili kama tatizo la kiufundi na siku hizi nalihesabu hivyo, kwa sababu lina sababu zinazoonekana.

Mara nyingi mnyama amepigwa akiwa peke yake katikati ya nafasi tupu, kutoka juu, ameinamisha kichwa. Mtu yeyote angeonekana mpweke hivyo. Shuka, karibia, jaza picha kwa vitu vyake: blanketi lililotafunwa pembe, mlango aliouchora kwa kucha. Au umempiga siku mbaya. Wenye ugonjwa wana siku za namna zote. Ile anayoinua mkia ndiyo ya kutoa simu.

Uvimbe, kinga ya shingoni, mahali palipochongwa nywele hospitalini: piga zote mbili, picha inayovionyesha na nyingine kutoka upande wa pili. Usiamue leo ni ipi utakayoitaka. Niliwahi kufuta za upande mbaya, na huo upande ndio aliokuwa akinilalia kila usiku.

Sababu inayosahaulika ni kwamba wewe haumo. Mamia ya picha za mnyama na hakuna hata moja yenye mkono wako kichwani kwake. Mpe mtu simu. Na rekodi sauti: kucha zikigonga sakafu, anavyokoroma, paka anavyonguruma. Mimi nina picha nyingi za Bosi na sina sekunde hata moja ya mbweko wake wa zamani, kabla sauti haijakauka.

Nilikuwa nazo, sasa hazipo. Au zipo ila zikichapwa ni mbaya

Zilizofutwa: fungua folda ya vilivyofutwa kabla ya kufanya lolote. Kwenye iPhone hukaa hadi siku 30. Kwenye Google Photos, zilizokuwa zimehifadhiwa mtandaoni hukaa siku 60. Tafuta pia kwenye simu za uliowahi kuwatumia.

Zilikuwa kwenye memori kadi: itoe sasa. Kila picha mpya unayopiga inaweza kuandikwa juu ya ile ya zamani. Programu ya kuokoa faili inaweza kuzirudisha, ila uhifadhi zinazopatikana kwenye diski nyingine, kamwe si kwenye kadi ileile. SIMAMA kama kompyuta haiioni kadi kabisa, imevunjika, au inapata joto. Kila jaribio lako linapunguza nafasi ya fundi wa kuokoa data. Kumbuka tu kwamba fundi wa simu wa kawaida si lazima awe fundi wa data; muulize kwanza kabla hajaifungua.

Zikichapwa ni za vibokisiboksi: umechapa nakala iliyopita WhatsApp, ambayo hubana picha. Omba itumwe kama hati, au chukua ya asili. Karatasi ya sentimita 10 kwa 15 inataka karibu pikseli 1200 kwa 1800. A4 inataka karibu 2480 kwa 3508. Zikitoka na giza, kioo chako kilikuwa kimewashwa hadi mwisho. Kishushe nusu, tazama upya, ongeza mwanga wa picha, na uchape moja ndogo kabla ya ile kubwa ya ukutani.

Nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikae nje ya nyumba.

Nimejaribu yote, hakuna kilichobadilika

Hapo ndipo kifaa kinaposhukiwa. Piga picha kikombe mezani, karibu na dirisha. Kikitoka na ukungu, lenzi imeingia unyevu au fokasi imekufa. SIMAMA: usiifungue kamera yenye flashi, ndani yake kuna kapasita inayoshikilia umeme mkali hata betri ikiwa imetolewa. Simu iliyovimba mgongo usiichaji wala kuibonyeza; izime, uipeleke kwa fundi. Kikombe kikitoka safi, rudi juu kabisa uanze na lenzi iliyolambwa.

Daktari amesema mwisho wake ni kesho, na sina picha hata moja ya maana

Usitafute mandhari wala usimwogeshe. Fungua pazia, zima taa, zima flashi. Futa lenzi. Dakika kumi za kwanza piga vipande: kidevu, sikio, unyayo juu ya kiganja chako ili ukubwa wake ujulikane, ile mvi ya kwanza uliyoiona. Halafu egemeza simu kwenye vitabu, usawa wa sakafu, kama mita mbili hivi kutoka anapolala, uhakikishe ina nafasi na chaji, uwashe video na uiache. Nenda ukae naye. Picha zitatolewa humo baadaye, siku ukiweza.